Vyombo vya Asili vya Nyumba ya Kisamoa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapomwonyesha mtu wa pwani yetu picha ya kapu la Kisamoa, neno la kwanza huwa ni lile lile: "Mbona hili ni pakacha!" Hakosei. Lakini ukilifuata hilo pakacha mpaka jikoni kwao utakuta nyumba nzima iliyoishi karne nyingi bila chungu wala mtungi, na bado chakula kilipikwa, maji yalihifadhiwa na mgeni alikirimiwa. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa zaidi.

Samoa ni wapi hasa?

Ni visiwa vya Pasifiki ya Kusini. Upande wa magharibi kuna nchi huru ya Samoa, iliyopata uhuru mwaka 1962, yenye visiwa vikubwa viwili, Savai'i na Upolu, na mji mkuu Apia. Upande wa mashariki kuna Samoa ya Marekani, ambayo kisiwa chake kikubwa ni Tutuila. Serikali ni mbili, ila lugha ni moja, na vyombo ninavyovieleza hapa ni vya pande zote mbili.

Ni kweli hawakuwa na vyungu?

Walikuwa navyo, kisha wakaviacha. Mwaka 1973, gati ya kivuko ilipokuwa ikichimbwa Mulifanua, kwenye ncha ya magharibi ya Upolu, vigae vya vyungu vyenye nakshi viliibuliwa kutoka chini ya bahari. Umri wake ni kama miaka 2,800, na ni vya watu wa Lapita, mabaharia waliokuwa wa kwanza kukaa visiwa vile. Vizazi vilivyofuata viliendelea kufinyanga vyungu visivyo na nakshi, kisha kazi ikafifia, na zaidi ya miaka 1,000 iliyopita ikakoma kabisa. Wazungu walipofika karne ya 18 hawakukuta chungu hata kimoja kinachofinyangwa Samoa, ilhali kwa majirani wao wa Fiji ufinyanzi haujakoma mpaka leo. Fiji chungu huitwa kuro, na Wasamoa wana neno 'ulo wanalolitumia kwa sufuria ya dukani.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu watu hudhani kukosa chungu ni dalili ya unyonge. Mfinyanzi anahitaji udongo na kuni. Msamoa alikuwa na mnazi, mgomba, mshelisheli na mkadi hatua chache kutoka mlangoni, na kila mmoja ulimpa chombo.

Bila chungu walichemshaje?

Mapishi mengi hayakuhitaji kuchemsha. Tanuri lao, umu, ni rundo la mawe yaliyopashwa moto mkali juu ya ardhi. Makaa huondolewa, chakula kikapangwa juu ya mawe, kisha kila kitu kikafunikwa kwa majani mpaka kiive. Mawe hushikwa kwa koleo liitwalo 'i'ofi, ambalo si chuma. Ni kipande cha upongoo wa kuti kilichokunjwa katikati.

Ilipolazimu kupasha kitu cha majimaji, hawakuweka chombo juu ya moto. Walitia moto ndani ya chombo. Tui likiwa kwenye bakuli la mti, jiwe jekundu lilichukuliwa kutoka kwenye tanuri, likapanguswa majivu na kutumbukizwa. Tui huchemka papo hapo. Taufolo, yaani shelisheli lililochomwa na kupondwa, hupikwa na tui la namna hiyo mpaka leo. Harufu yake ina moshi kidogo, nayo haipatikani kwa sufuria.

Kapu la makuti linasukwaje?

Neno la jumla la kapu ni 'ato. La makuti ndilo la kila siku, na njia ya kulisuka inamfaa yeyote mwenye mnazi uani.

Huchukuliwa kuti bichi, la kijani iliyokomaa. Kuti kavu huvunjika vidoleni, na lile changa mno hunyauka kabla ya jioni. Kipande cha urefu wa mkono hivi hukatwa, na upongoo wake ukapasuliwa kwa urefu na kuchongwa mpaka uwe ukanda mwembamba unaopindika, huku majani yakibaki yameshikilia upande mmoja. Ukanda huo ndio mdomo wa kapu. Ncha zake mbili hukutanishwa na kufungwa, na majani yote sasa yananing'inia chini kama nywele.

Hapo ndipo kusuka kunapoanza. Majani hugawanywa, nusu yaelekee kulia na nusu kushoto, yakapishana juu na chini kwa mshazari kuzunguka kapu lote. Mtu akikosea jani moja hapa, ataligundua kosa lake kule chini. Yakifika urefu unaotakiwa, ncha hukusanywa katikati na kusukwa msuko mmoja, kama mama anavyomsuka mwanawe nywele, kutoka upande huu wa kitako mpaka upande wa pili. Msuko huo ndio unaobeba uzito. Kapu likipasuka, nalitazama kitakoni kwanza.

Mwenye mkono mwepesi humaliza kwa dakika chache akiwa bado shambani, mazao yakiwa yanamsubiri pembeni. Kisha makapu mawili hutundikwa kwenye ncha za mti mmoja, mti ukawekwa begani. Sisi tunauita mzegazega. Wao kubeba hivyo ni amo.

Kuna makapu ya aina ngapi?

Aina ni nyingi, nami nitazitaja tatu. 'Ato la kawaida ni la kubebea magimbi, ndizi na nazi. 'Ola ni kapu la mvuvi, ambalo hata mwanamke anayeokota pwani maji yakipwa huwa nalo ubavuni kwa ajili ya pweza na makombe. Tatu ni makapu ya mkadi, yaliyosukwa kwa majani yaliyoondolewa miiba, yakalainishwa, yakaanikwa na kuchanwa chane. Hayo hudumu miaka, na ndiyo yanayowekewa nguo na vitu vya thamani, au kuuzwa sokoni kama mikoba.

Na sahani?

Sahani nayo husukwa. Laulau na ma'ilo ni sinia za makuti zinazotandikwa jani la mgomba au la mshelisheli, chakula kikapangwa juu. Kila mgeni wa heshima huwekewa yake mbele yake. Mlo ukiisha, sinia hutupwa shambani ikaoze, na kesho husukwa nyingine. Mimi hupenda sana jambo hili: hakuna aliyekula kabla yako kwenye sahani yako.

Ni kazi ya wanawake au wanaume?

Hutegemea kifaa. Kapu la haraka la shambani husukwa na yeyote, vijana wa kiume wakiwemo, kwa kuwa wao ndio wanaobeba mazao. Kazi za mkadi ni za wanawake, na kilele chake ni 'ie toga, mkeka laini kama kitambaa ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2019 kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kuchonga mti ni kwa mafundi wa kiume wanaoitwa tufuga. Kamba ya makumbi, 'afa, husokotwa na wazee wa kiume. Hukaa wakizungumza mambo ya kijiji huku viganja vikizungusha usumba juu ya paja, saa baada ya saa, na kamba inarefuka bila mtu kuitazama.

Maji yalikaa katika nini?

Katika vifuu vizima vya nazi. Nazi kubwa iliyokomaa huchaguliwa na kufuliwa makumbi. Jicho lake laini hutobolewa, maji yake yakamwagwa, kisha nyama iliyo ndani huachwa ioze mpaka iweze kutikiswa na kumiminwa nje kupitia tundu lile lile. Kinachobaki ni chupa ya mviringo, nyepesi na ngumu, isiyovuja. Chupa mbili hufungwa kwa kamba moja ya makumbi ili zibebwe na kuning'inizwa zikiwa jozi, na tundu huzibwa kwa jani lililokunjwa.

Mafuta ya nazi, lolo, yalihifadhiwa katika chupa za namna hiyo, nazo ziliitwa fagu. Leo fagu ni chupa yoyote, hata ya kioo. Lolo hutiwa harufu ya maua ya moso'oi, ambayo mtu wa Unguja au Ngazija angeyatambua akiwa amefumba macho, kwa maana ndiyo langilangi yetu.

Kifuu kilichokatwa nusu na kusuguliwa hadi king'ae ni ipu, kikombe. Neno hilo pia limepanuka, sasa hutumika kwa vikombe na sahani za aina zote.

Tānoa ni nini?

Ni bakuli la mti la kuchanganyia 'ava, kinywaji cha mizizi iliyopondwa na kuchanganywa na maji baridi. Si pombe. Hutuliza mwili na kutia ganzi kidogo ulimini, na kikao cha machifu, yaani matai, hakifunguliwi bila hicho.

Tānoa huchongwa kutoka gogo moja la mti mgumu, na unaosifiwa zaidi ni ifilele. Miguu yake haibandikwi, hutokana na gogo lile lile. Za zamani mara nyingi zina minne, ila za siku hizi huwa na mingi zaidi, nyingine imezunguka ukingo mzima. Chini ya ukingo huachwa kishikio chenye tundu la kupitisha kamba, ili chombo kitundikwe baada ya kazi. Kabla ya chuma kufika, tezo zilikuwa za jiwe la volkano. Machimbo mashuhuri ya mawe hayo yako Tataga-Matau huko Tutuila, na tezo zake zilisafirishwa kwa mitumbwi hadi visiwa vya mbali sana.

Katika kikao, mchanganyaji hukaa nyuma ya tānoa. Mara nyingi huyo ni taupou, binti wa chifu mkubwa. Huzamisha kichungi cha nyuzi za mti wa fau, hukusanya makapi, hukamua, kisha bila kugeuka hukirusha nyuma yake. Kijana aliyesimama huko hukidaka, hukikung'uta kwa nguvu na kumrudishia. Mwendo huo hurudiwa mpaka 'ava iwe safi. Kisha ipu hupelekwa kwa mmoja mmoja kwa kufuata cheo, na anayekosewa zamu hasahau.

Tānoa iliyotumika miaka mingi hupata utando wa kung'aa kwa ndani, kama imepakwa rangi. Hiyo ni alama ya 'ava nyingi iliyopita humo. Usiikwangue kamwe!

'Umete ni kitu kile kile?

Hapana. 'Umete ni bakuli la chakula, ndugu wa chano letu lakini lenye kina zaidi. Humo hupondewa shelisheli na kuchanganyiwa tui. Tānoa ni ya kikao, na haichezewi vyakula.

Wanakamuaje tui?

Nazi hukunwa kwa tuai, ambayo hufanya kazi ya mbuzi yetu: mkunaji huketi juu yake na kusukuma nazi kwenye meno. Tofauti iko kwenye kukamua. Sisi tuna kifumbu kilichosukwa. Wao hutumia tauaga, yaani fungu la nyuzi ndefu za mmea lisilosukwa kabisa. Nazi iliyokunwa huzungushiwa nyuzi, ncha zikashikwa mikono miwili na kusokotwa kinyumenyume kama mtu anayekamua nguo, na tui zito, pe'epe'e, likatiririka. Nyuzi huoshwa na kuanikwa kwa ajili ya kesho.

Nikiambiwa nichague, nachagua kifumbu kwa sababu nimekizoea. Lakini tauaga husafishika vizuri zaidi, maana hakuna kona ya msuko ambamo chicha itajificha.

Jani nalo ni chombo?

Kwa Msamoa ndilo chombo cha kwanza. Chukua palusami: majani machanga ya magimbi huwekwa kiganjani yakiwa yamepangwa kama bakuli, tui la chumvi likamiminwa katikati, kingo zikakunjwa. Kifurushi hicho hufungwa kwa jani la mgomba, na nje yake jani la mshelisheli, kisha huingia kwenye umu. Kwa hiyo kuna chombo ndani ya chombo, na kile cha ndani kinaliwa.

Siri iko kwenye jani la mgomba. Likiwa bichi hupasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo hupitishwa kwanza juu ya moto mpaka libadilike rangi na kulegea. Waganda wanaopika luwombo hufanya vivyo hivyo, na mpishi wa Kampala angeweza kusaidia kwenye umu ya Apia bila kufundishwa hatua hiyo. Pweza wa tui, fai'ai fe'e, naye huokwa akiwa amefungwa kwa majani au ametiwa katika kifuu.

Nimesikia walihifadhi chakula ardhini. Ni kweli?

Ni kweli, na shimo hilo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa vyombo. Mishelisheli ikizaa kwa wingi, mashelisheli humenywa na kutiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba tabaka juu ya tabaka, likafunikwa kwa majani, mawe na udongo. Ndani yake mashelisheli huchacha na kuwa donge liitwalo masi. Harufu ni kali, lakini haliozi, na hukaa miezi mingi. Kimbunga kikiangusha migomba na mishelisheli, kama Ofa cha Februari 1990 na Val cha Desemba 1991, kilichomo shimoni hakiguswi na upepo. Hekima yote iko kwenye majani: ya pembeni huzuia udongo, na yale ya juu hubadilishwa yakichakaa.

Kufanana huku na pwani yetu kumetokana na undugu, au ni mnazi tu?

Sehemu kubwa ni mnazi. Anayepewa kuti na njaa atafikia pakacha, awe Pemba au Savai'i. Lakini kuna uzi wa kweli pia. Kisamoa na Kimalagasi ni lugha za ukoo mmoja, ukoo wa Kiaustronesia ulioenea kwa majahazi kutoka Asia hadi Madagaska upande mmoja na Pasifiki upande mwingine. Nazi kwa Kisamoa ni niu, na kwa Kimalagasi ni voanio. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina makundi makubwa mawili, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi na Atlantiki, na kwamba minazi ya Madagaska na visiwa vya jirani imechanganya damu ya makundi yote mawili. Basi mabaharia wale hawakuleta lugha peke yake, waliweka na mbegu chomboni.

Majina haya yanatamkwaje?

Msemaji wa Kiswahili ana bahati. Irabu ni tano kama zetu. Herufi g husomwa ng' ya ng'ombe: fagu ni "fang'u", tufuga ni "tufung'a", na mji wa Pago Pago ni "Pang'o Pang'o". Alama ya ' ni kituo kifupi kooni, na mstari juu ya irabu huirefusha. Usishangae ukimsikia mtu barabarani akisema 'ako badala ya 'ato, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida t hugeuka k. Kanisani, redioni na katika maandishi t hubaki.

Bado vinatumika, au ni vya watalii?

Vyote viwili. Sufuria, ndoo na mabakuli ya plastiki yamejaa kila nyumba, na chupa za vifuu sasa utazikuta zaidi makumbusho. Lakini tānoa haijapata mbadala, umu huwashwa kwa ajili ya to'ona'i, mlo mkubwa wa Jumapili, na kwenye soko la Fugalei mjini Apia magimbi huuzwa katika makapu ya makuti. Tarehe 30 Januari 2019 Samoa ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa pamoja na mirija, miezi michache kabla ya Tanzania bara kufanya hivyo kwa mifuko, Juni mwaka ule ule. Nchi ambayo kila mtu amewahi kuona kapu likisukwa haina haja ya kungoja kiwanda kiiletee mifuko mipya.

Kukata makuti hakuuharibu mnazi?

Kuti moja moja la chini halina neno. Kukata machanga ya juu mfululizo ndiko kunakopunguza nazi. Hatari kubwa zaidi kwa minazi ya Samoa ni mbawakawa mwenye pembe, aliyeingia mwaka 1909 pamoja na miche ya mpira kutoka Ceylon, akatoboa vilele vya minazi na kuendelea kusambaa Pasifiki.

Nimeletewa zawadi ya tānoa. Niitunzeje?

Iweke mbali na jua na feni. Mti wa kisiwani ukikauka ghafla hupasuka kuanzia ukingoni. Osha kwa maji matupu, futa, pakaza mafuta ya nazi kidogo kwa nje, kisha itundike kwa kishikio chake. Kapu la mkadi linahitaji hewa. Ukungu ukitokea, lianike kivulini penye upepo na ulisugue kwa brashi kavu. Kapu la makuti mabichi usihangaike nalo, litumie mpaka liishe.

Kama unapitia New Zealand au Australia, tangaza forodhani kila kitu cha majani, mti au kifuu. Maofisa wao hukagua wadudu na mbegu kwa ukali, na kinachofichwa hutozwa faini.

Naweza kuviona wapi?

Apia kuna Makumbusho ya Samoa, na Samoa ya Marekani kuna Makumbusho ya Jean P. Haydon. Nje ya hapo, Te Papa mjini Wellington na Bishop Museum mjini Honolulu zina makusanyo makubwa. Bishop ndiyo iliyomtuma Te Rangi Hiroa, daktari na mtaalamu wa Kimaori, kwenda Samoa mwaka 1927. Yeye hakutosheka na kupima vitu. Alikaa na wasukaji na kuandika jani lipi hupita juu ya lipi, hata leo mtu anaweza kuyafuata maelezo yake na kumaliza kapu.

Nataka kujifunza kusuka. Nianzie wapi?

Ukiwa Tanga, Kilifi, Pemba au Lamu, mwanzie mzee anayesuka pakacha. Mpelekee kuti bichi lililokatwa asubuhi ile ile, na umwombe aanze kukuonyesha msuko wa kitako.